Nguzo Kumi na Nne: Wasifu wa Bi Timazi

Marehemu, ambaye mafundi na mawakili wa mji huu walimjua zaidi kwa jina la Bi Timazi, alizaliwa Jumanne tarehe 14 Agosti 1956, mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi mwashi na mshonaji wa nguo. Nyumba waliyokulia ilikuwa ya vyumba viwili, na cherehani ya mama ilikaa mlangoni kwa ajili ya mwanga, hivyo kila aliyeingia au kutoka ilibidi apite kwa ubavu. Jina la Timazi alilipata akiwa na miaka minane. Baba yake alikuwa akijenga ukuta wa ghala la jirani, na kazi ya mtoto ilikuwa kuutazama ule uzi unaoning'inia na kipande cha chuma, yaani timazi, na kusema kama ukuta umenyooka. Akapaza sauti mbele ya mwenye ghala, "Baba, ukuta umelala!" Baba akaona haya, akabomoa mistari mitatu ya matofali. Kumbe ukuta haukulala hata kidogo. Ni upepo uliokuwa ukiuchezea uzi. Baba hakumchapa. Alimwambia tu, "Siku nyingine, mwanangu, ngoja uzi utulie ndipo useme." Mdogo wake wa mwisho, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu, alikisikia kisa hicho mara zisizo na idadi, na kila mara dada yake ndiye aliyecheka kuliko wote.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964, akaendelea na sekondari ya wasichana ya bweni, na mwaka 1975 akajiunga na chuo cha ufundi kusomea ukadiriaji wa majenzi. Darasani walikuwa wanafunzi arobaini na mmoja, na mwanamke alikuwa yeye peke yake. Chuo kile, kilichofundisha watu kujenga majumba, hakikuwa na choo cha wanawake. Kwa miaka mitatu alivuka barabara kwenda kuomba kwenye maktaba. Walipopewa zoezi la kuchora jengo lolote na kukadiria vifaa vyake, wenzake walichora mahoteli. Yeye alichora choo, akampelekea mkuu wa chuo. Kilijengwa. Alikitumia miezi miwili tu akahitimu, Novemba 1978, na alikuwa akisema kwamba hilo ndilo jengo pekee lililowahi kujengwa kwa makadirio yake bila mtu kubisha.

Tarehe 2 Aprili 1979 aliajiriwa katika idara ya ujenzi, akafanya kazi huko miaka kumi na saba. Huko ndiko alikochoka kuona wakandarasi na wenye majengo wakiburuzana mahakamani miaka minane kwa ajili ya paa linalovuja, huku paa lenyewe likiendelea kuvuja. Akasomea usuluhishi, na kuanzia mwaka 1998 hadi alipozuiwa kufanya kazi, alisuluhisha migogoro ya ujenzi na ya biashara mia tatu na kitu. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya pili juu ya duka la miwani: chumba kimoja kwa upande huu, chumba kingine kwa upande ule, na katikati korido ya hatua kumi na tisa. Yeye ndiye aliyekuwa akienda na kurudi, amevaa gauni la heshima na raba za michezo.

Utaratibu wake haukubadilika. Kabla ya neno lolote, aliwapeleka wote wawili kwenye jengo lenyewe, kila mmoja aguse ufa kwa kidole chake. Pili, aliloambiwa katika chumba hiki hakulipeleka katika chumba kile bila ruhusa ya aliyelisema. Tatu, mwisho wa kikao alizichana karatasi zake zote mbele ya macho yao, vipande vidogo vidogo, ili kila mtu aondoke akijua kwamba maneno yake yamebaki humo ndani. Kiapo hicho alikishika hata nyumbani. Ndugu zake walimchokoza wakachoka.

Hata kisa cha mashemeji wawili waliokuwa na biashara ya vigae, waliogombana mwaka mzima, hakukisimulia yeye. Amekisimulia mmoja wa mashemeji hao juzi hapa msibani. Anasema Bi Timazi alipita ile korido asubuhi nzima, kisha akaifungua milango yote miwili, akaketi sakafuni katikati, akavua raba. "Miguu yangu imechoka kubeba matusi yenu," akasema. "Njooni hapa mtukanane wenyewe, mimi nipumzike." Wakatoka wamenuna, wakamkuta mtu mzima ameketi sakafuni akijikanda vidole, wakashindwa kuendelea kununa. Kabla ya saa nane mkataba wa kugawana maghala ulikuwa umetiwa saini.

Jumamosi tarehe 3 Desemba 1983 alifunga ndoa na mpima ardhi, mtu mpole mwenye maneno machache na utani mwingi. Walijaliwa mabinti wawili na mtoto wa kiume mmoja. Shemeji yetu alizoea kuwaambia wageni, "Mimi naishi na hakimu, na nyumba hii haina rufaa." Wakikosana, marehemu alikwenda kukaa chumbani, mume sebuleni, na mmoja wa mabinti akatumwa huku na huku kama wafanyavyo wasuluhishi, mpaka mume aanze kucheka. Mume huyo alitangulia mbele ya haki tarehe 22 Mei 2011, na marehemu hakuolewa tena.

Hapa ndipo kaka mkubwa alipoomba wasifu huu uishie. Alisema, "Tuandike kwamba alistaafu, basi. Msiba si mahali pa kesi." Mdogo wake alimjibu, "Kaka, dada hakustaafu. Alisingiziwa. Tukiandika alistaafu, tumemzika mara mbili." Kaka akasema, "Haya, andika. Lakini usitie chumvi." Basi hakuna chumvi humu.

Jumanne tarehe 3 Januari 2017 marehemu aliketi kusuluhisha mgogoro wa jengo jipya la shule ya msingi, lenye ghorofa tatu. Mwenye shule alikataa kulipokea kwa sababu ya nyufa. Mkandarasi alisema ni nyufa za plasta tu. Shule ilikuwa ifunguliwe Jumatatu iliyofuata. Waligusa nyufa, wakaingia kila mmoja chumbani kwake, na kwenye saa sita hivi marehemu alitoka katika chumba cha mkandarasi akasema mbele ya pande zote mbili, "Siwezi kuendelea na usuluhishi huu." Akachana karatasi zake kama siku zote. Kisha akaketi akaandika barua ya sentensi mbili kwa mwenye shule, kwa mkandarasi na kwa mkaguzi wa majengo: nguzo za jengo zipimwe, na mtoto yeyote asiingie kabla hazijapimwa. Hakutoa sababu. Sheria ya kazi yake ilimruhusu kusema kiasi cha kuokoa maisha ya watu, na yeye alisema kiasi hicho hicho, hakuongeza hata neno.

Ufunguzi uliahirishwa kwa wiki tatu. Wazazi walipandwa na hasira, na hasira hiyo wakamshushia yeye. Dukani mama mmoja alimwambia, "Wewe ndiye uliyetufungia shule, umefurahi sasa?" Marehemu alichukua sabuni yake akaondoka. Wiki tatu zilipokwisha, jengo likafunguliwa, likapakwa rangi ya krimu, na kibao kikawekwa langoni: limekaguliwa na ni salama. Watu wakasema, unaona? Halikuwa na kitu. Mbona halijaanguka?

Na wale wawili waliokuwa hawaangaliani usoni, mwenye shule na mkandarasi, wakapatana. Walipatana vizuri sana. Walitia saini mkataba wao wenyewe, bila msuluhishi, na kifungu kimojawapo kilikuwa kwamba hakuna atakayesema lolote kuhusu jengo lile. Mwezi wa Machi mkandarasi akapeleka malalamiko kwenye chama cha wasuluhishi kwamba Bi Timazi alitaka chochote, akanyimwa, ndipo akavuruga kikao kwa kulipiza kisasi. Mwenye shule, aliyejua wazi kwamba si kweli, hakupeleka neno. Chama kikaliondoa jina la marehemu kwenye orodha ya wasuluhishi "kwa muda, hadi uchunguzi ukamilike."

Kamati ilimwita mara mbili. Mdogo wake alimsindikiza, akaketi benchi la nje ya mlango, na mlango haukufungwa vizuri.

"Uliandika barua ile kwa sababu gani?" mwenyekiti akauliza.

"Kwa sababu ya jambo nililoambiwa chumbani."

"Jambo gani?"

"Siwezi kulisema mpaka pande zote mbili ziniruhusu kwa maandishi."

"Karatasi zako za siku ile ziko wapi?"

"Nilizichana. Ninyi ndio mlionifundisha kuzichana."

Mtu mmoja humo ndani alicheka. Familia haijasahau kicheko hicho.

Kilichohitajika kilikuwa karatasi moja yenye saini mbili, ya mkandarasi na ya mwenye shule. Marehemu aliwaandikia waungwana hao barua kumi na moja katika miaka mitano, kwa mkono wake, kwa adabu, akiwaomba wamfungue kinywa. Hawakujibu hata moja. Mdogo wake alimwambia zaidi ya mara moja, "Dada, sema tu! Utakufa na jina la mla rushwa kwa ajili ya watu hawa?" Alijibu, "Nikisema, kila aliyewahi kunifungulia moyo katika vyumba vile nimemwuza." Mdogo wake alikasirika, akaondoka akiubamiza mlango, na kwa hilo anajuta. Lakini hasira haijamtoka.

Mwaka 2019 miguu ilianza kumvimba, na pumzi ikawa fupi. Madaktari waligundua kwamba moyo wake umepanuka. Alilazwa mara nne. Familia inawashukuru wauguzi wa wodi ya wanawake, hasa yule aliyekuwa akimsogezea kitanda dirishani ili atazame mafundi waliokuwa wakijenga jengo jipya la maabara, na aliyevumilia kusikia kila siku kwamba ngazi yao imekosewa. Alifariki dunia Alhamisi tarehe 17 Novemba 2022, saa tisa alasiri, mabinti zake wakiwa wamemshika mikono. Madaktari wameandika ni moyo. Familia haibishani na madaktari.

Jioni iliyofuata alikuja msibani mtu ambaye hakuna aliyemjua. Alikuwa nyapara aliyesimamia mafundi katika shule ile. Alimwomba mdogo wa marehemu watoke nje kidogo, akavua kofia.

"Mama, zile wiki tatu tulifunga maturubai madirishani," akasema. "Nguzo kumi na nne za chini tulizichimbua, tukazivika nondo mpya na zege upya. Nondo za mwanzo zilikuwa nyembamba, nusu ya zilizokuwa kwenye michoro. Ghorofa zile zingejaa watoto, zisingefika mwezi wa sita."

"Umekaa na jambo hili miaka sita?"

"Nina familia, mama. Ningesema, nani angenipa kazi tena?"

"Na yeye hakuwa na familia?"

Nyapara alilia, akaombwa aingie ndani, akapewa kiti. Walau yeye alikuja kwa miguu yake. Jumamosi ilikuja barua ya rambirambi kutoka chama cha wasuluhishi, ikimwita marehemu "nguzo ya uadilifu." Miaka karibu sita walishindwa kukamilisha uchunguzi, lakini kumvika marehemu kilemba cha ukoka kumewachukua siku mbili.

Na jana, Jumapili, saa nne asubuhi, walikuja wao wenyewe, mkandarasi na mwenye shule, katika gari moja, na shada moja la maua. Walikuwa wamesikia kwamba nyapara amefika hapa. Mwenye shule alisema kwa sauti ya upole, "Tunaomba jambo lile lisitajwe kesho. Yeye mwenyewe alilitunza. Mheshimuni kwa kulitunza."

Mdogo wake aliwajibu, "Yeye alikula kiapo. Mimi sikula." Akaenda ndani, akaleta karatasi na kalamu, akawawekea mezani. "Ile ruhusa aliyowaomba mara kumi na moja, bado nafasi ipo. Tieni saini."

Mkandarasi aliitazama kalamu. Mwenye shule alimtazama mkandarasi. Kisha wakaondoka, na shada lao limerudishwa kwao jana hiyo hiyo. Hatujui mkandarasi alimwambia nini marehemu katika chumba kile, na hatutajua kamwe, maana hakuna aliyesikia ila yeye, na yeye hakusema. Tunachokijua ni hizo nguzo kumi na nne. Ziko pale, nene kuliko za mchoro, na mwenye mkono anaweza kwenda kuzigusa. Nyapara yupo hapa leo, mstari wa tatu, na amekubali kulisema hili mbele ya kamati.

Marehemu ameacha watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu watano, kaka wawili na wadogo zake wawili. Ameacha pia watoto mia nne na kumi na wawili ambao leo asubuhi wamepanda ngazi, wakaingia madarasani, wakaketi, na wanasoma hivi sasa tunapozungumza. Hawamjui kwa jina wala kwa sura. Nao tunawahesabu katika waliofiwa.

Dada, amani uliyowapatia wengine na wewe sasa uipate. Pumzika.