Reino Haapala, Mtu Aliyepima Injini Zikiwa Baridi

Ijumaa tarehe 31 Oktoba, saa kumi jioni, Reino Haapala atavua ovaroli yake kwa mara ya mwisho baada ya kulitumikia duka letu la matrekta na karakana yake kwa miaka thelathini na sita na miezi mitano. Amekuwa fundi msaidizi, fundi wa dizeli, kisha fundi mkuu. Cheo ambacho hakuandikiwa popote, ila ndicho alichokifanya zaidi, ni cha kuwa na wasiwasi kwa niaba yetu sote.

Wageni wa huku kaskazini mwa Michigan hudhani kwamba fundi mzuri ni mtu mtulivu. Reino si mtulivu. Kipimajoto kikishuka hadi sifuri hali chakula cha mchana. Kikienda kumi chini ya sifuri, anazungukazunguka dirishani. Kikifika ishirini chini, anaanza kuwapigia simu watu walionunua trekta kwake miaka mitatu iliyopita. "Umelichomeka kwenye umeme, injini ipate joto? Una dizeli ya baridi au ile ya kiangazi?" Wapo waliomkatia simu. Hakuna aliyeacha kwenda bandani kuangalia.

Wasiwasi huo una chanzo, na mwenyewe ameniruhusu nikieleze. Katika mwaka wake wa pili hapa, mfugaji mmoja mzee aitwaye Onni Kauppi alikuja mwezi wa kumi kutazama trekta dogo lililotumika. Siku ilikuwa na jua. Reino aliliwasha, likanguruma vizuri, akamwambia mzee, "Chukua, injini safi hii." Januari injini ile haikuwaka. Theluji ilikuwa imeziba njia, gari halitoki, naye Onni alikuwa na ng'ombe aliyeshindwa kuzaa. Alikwenda kwa miguu maili mbili kutafuta msaada. Ng'ombe alipona. Onni alipoteza vidole vitatu vya mguu wa kushoto, vilivyoganda kwa baridi.

Reino alimtembelea hospitalini, na Onni hakumlaumu. Alimwambia tu, "Kijana, uliisikiliza injini ikiwa imeshaamka. Mimi niliinunua ili iamke." Kuanzia hapo Reino akaweka sheria yake: hakuna trekta lililotumika litakalotoka hapa wakati wa baridi kabla halijalala nje usiku kucha, bila kuchomekwa umeme, na kuwashwa asubuhi mbele ya mnunuzi.

Sisi wauzaji tuliichukia sheria hiyo. Nasema sisi, lakini hasa ni mimi, Duane Perrault, ninayeandika haya.

Miaka kumi na moja iliyopita, mapema Desemba, alikuja Bi Verna Tervonen. Njia ya kutoka nyumbani kwake hadi barabara kuu ni karibu nusu maili, na mumewe, Clyde, alikuwa na ugonjwa wa figo. Mara tatu kwa wiki ilikuwa lazima afike hospitali kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu. Miaka yote Clyde ndiye aliyesukuma theluji, sasa hawezi, na trekta lao lilikuwa limeoza. Verna alisimama mbele ya trekta jekundu tulilokuwa tumelipiga rangi upya, mikono imebana mkoba wake, akaniuliza swali moja tu, akalirudia mara nne: "Litawaka?"

"Linawaka kama kiberiti, mama," nikamwambia. Nikageuza ufunguo, likawaka papo hapo.

Nisichomwambia ni kwamba nililiwasha nusu saa kabla hajafika. Nilijua lilikuwa zito kuwaka asubuhi. Nilijiambia kila injini ya dizeli ni nzito asubuhi.

Reino alitoka karakana akifuta mikono. Alivua glavu, akaingiza kiganja chini ya boneti, akanitazama. Kisha akamgeukia Verna.

"Mama, hili lilishawashwa leo kabla hujafika. Hapo hujajua kitu. Rudi kesho saa mbili asubuhi, na usikubali mtu akuwashie kabla yako."

"Kwani lina shida?"

"Sijui. Ndiyo maana nakuomba urudi."

Verna alipoondoka nilitaka kumrukia Reino. Yeye hakupaza sauti. Aliniuliza, "Duane, ungemuuzia mama yako?" Akarudi karakana bila kungoja jibu. Hakumwambia bosi, si siku ile wala baadaye. Leo namwambia kila mtu, kwa maandishi.

Asubuhi ilikuwa nyuzi kumi na nne chini ya sifuri. Verna alikaa kwenye kiti mwenyewe. Trekta jekundu lilizunguka, likakohoa, likajaza ua mzima moshi mweupe, likanyamaza. Reino alilipima na kukuta silinda mbili kati ya tatu zimechoka, haziwezi tena kuibana hewa hadi ipate moto wa kuwasha dizeli. Rangi mpya, moyo wa zamani. Akampeleka nyuma ya karakana, kwenye trekta dogo lililopauka, boneti imebonyea, ambalo alikuwa amelilaza nje siku tatu mfululizo.

"Lina sura mbaya," Verna akasema.

"Halitafuti mchumba, mama. Liwashe."

Liliwaka. Verna akacheka kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu, akalichukua. Reino alitumia mchana kutwa kumfundisha. Ndani ya injini kuna plagi za hita, zipe muda zipate moto. Dizeli ya kiangazi huganda kama nta na kuziba chujio, usithubutu kuitumia. Injini ichomeke kwenye umeme kwa muda wa saa nne kabla ya kuitumia. Verna aliandika yote nyuma ya kalenda.

Mwezi Februari dhoruba ilitupiga siku tatu. Jumamosi Clyde alikosa kwenda hospitali kwa sababu barabara kuu ilifungwa. Jumatatu usiku umeme ukakatika. Jumanne, saa moja na nusu asubuhi, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri, simu ya karakana ikalia.

"Reino, halitaki kuwaka. Hakuna umeme wa kulipasha. Clyde amevimba miguu na anahema vibaya. Gari la wagonjwa limefika barabarani, haliwezi kuingia. Wanasema watatafuta greda, labda mchana."

Reino aliweka simu kwenye spika. Tulisimama wote, kahawa mikononi, hakuna aliyekunywa.

"Linazunguka?"

"Polepole. Kama limelewa usingizi. Jirani ameniachia ile dawa ya kuwashia, ya kupulizia kwenye njia ya hewa ya injini, nipulizie?"

"Itupe nje!" Sikuwahi kumsikia akipiga kelele kabla ya hapo. "Verna, itupe nje ya banda sasa hivi. Hita zikiwa na moto na ile dawa ikaingia, injini itakupasukia usoni. Umeitupa?"

"Nimeitupa."

"Sasa fungua betri, waya mweusi kwanza. Ipeleke jikoni, karibu na jiko la kuni, lakini isiguse jiko. Funika injini kwa mablanketi yote uliyonayo. Nipigie baada ya saa moja."

"Saa moja! Reino, mume wangu..."

"Najua. Betri baridi itakufa ukiilazimisha, na ikifa hatuna kingine. Nenda."

Saa ile ilikuwa ndefu. Reino alitembea kutoka benchi hadi mlangoni na kurudi. Aliniambia kwa sauti ndogo, "Mimi ndiye niliyemchagulia lile trekta." Nikamwambia chaguo langu lingekuwa baya zaidi. Hakunisikia.

Simu ikalia tena. Betri imerudi mahali pake.

"Kanyaga klachi hadi chini, starta isihangaike na mafuta mazito ya gia. Washa hita, hesabu ishirini. Bado usiguse starta. Tena ishirini. Haya, sasa."

Tulisikia starta, kisha kikohozi kimoja, kisha kimya.

"Limekufa," Verna akasema, akaanza kulia.

"Limekohoa, Verna. Maiti haikohoi. Hita tena, hesabu thelathini, hesabu kwa sauti nikusikie."

Alihesabu. Fundi mmoja mwenzetu alikuwa amefumba macho. Starta ikazunguka, silinda moja ikapiga, ya pili ikaifuata ikijikwaa, kisha zote tatu zikashikana na spika ikajaa ngurumo.

"Usikanyage mafuta! Liache dakika kumi lipate joto, ndipo uende. Verna? Unanisikia?"

Hakumsikia, ngurumo ilimeza kila kitu. Reino aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akabaki hapo mpaka saa tano kasorobo, Verna alipopiga kutoka hospitali kusema ameisafisha njia, gari la wagonjwa liliingia, na Clyde yuko kwenye mashine. Clyde aliishi miaka minne zaidi. Verna atakuwepo kwenye sherehe ya kumuaga Reino na ameshaahidi sambusa kubwa za nyama na viazi za kutosha watu sitini.

Reino hajawahi kupenda habari hii isimuliwe, kwa sababu anaihesabu kama kosa: anasema alipaswa kumpa betri kubwa zaidi tangu Desemba. Mwaka uliofuata alizibadilisha betri za wateja wote wanaoishi mbali na barabara.

Wiki iliyopita alinijia mezani. Anahofia, na sisi tunahofia pamoja naye, maana majira ya baridi yanaingia na yeye anatoka. Aliniuliza nani atapokea simu za asubuhi. Nikamwonyesha orodha ya zamu tuliyoiandika. Aliisoma yote, akaweka kidole kwenye Januari na Februari, penye jina langu, akasema, "Sawa." Kwa Reino, hiyo ni hotuba.

Asante, Reino, kwa injini ulizokataa kuziuza. Asante kwa kunisitiri siku ambayo hukulazimika. Tunakutakia wewe na mkeo Aune maisha marefu, sauna yenye moto, samaki wengi chini ya barafu, na mchana wa baridi kali ambao utakula chakula chako chote.