Mashine Ihame Bondeni

Sogeeni, bana banje, wanangu, na wewe Arcade zima hiyo redio, maana sauti yangu imebaki kidogo na sitaki ishindane na mtu. Pacifique, kaa kwenye kiti, usiukunje huo mguu. Rosine, njoo karibu na kichwa changu. Najua umetoka Ilembo na basi la alfajiri na umechoka, lakini neno hili ni lako kuliko la kaka zako, na nimelichelewesha miaka miwili.

Nyie mnajua kwamba mimi na marehemu baba yenu Callixte tulifika hapa Sibwesa hatuna kitu zaidi ya jembe na sufuria, tukalima mpunga, tukauza, tukajinyima, mpaka tukanunua mashine ya kukoboa tukaiweka bondeni kando ya mto, kwa sababu mpunga ulikuwa huko na watu walikuwa huko. Baba yenu hakukosea. Mto wa siku zile ulikuwa na adabu; ulijaa mwezi wa tatu, ukafika kwenye migomba, ukarudi zake. Aliyekosea ni mimi, niliyeona mto umebadilika nikaendelea kuuhesabia adabu ya zamani.

Rosine aliporudi kutoka chuo kule Morogoro, alishinda wiki nzima akipima kwa fimbo alama za matope ukutani, akaniambia, "Mama, kila mwaka maji yanapanda kidogo, na mvua hazifuati tena miezi yake. Tuihamishe mashine sisi, kabla maji hayajaihamisha." Nikamjibu mbele ya wateja, "Chuo kimekufundisha kuogopa maji." Wakacheka, nami nikacheka nao. Kilichofuata mnakijua. Mvua ilinyesha siku nne, na siku ya tano asubuhi maji yaliingia yakabeba mpunga wa watu uliokuwa unasubiri zamu, magunia ya Nyanzala yote kumi na moja, chakula cha wajukuu zake, na Pacifique alipoingia kuokoa yaliyobaki, ukuta ukamwangukia. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu mkuu ndiye asiyesikia la mtoto, na guu lililovunjika likawa la mwingine.

Lakini silo hilo linaloninyima usingizi. Maji yalipopungua yalizuka maneno kwamba Rosine ndiye aliyeyaita kwa mdomo wake, kwamba mtu hawezi kujua maji yatafika wapi kama hakuyatuma. Kisimani wanawake walimkwepa kama mgonjwa wa ndui. Nilikuwa nasikia yote. Neno moja lingetosha, kwamba binti yangu alinionya nikakataa, nami nikanyamaza, kwa sababu wakimlaumu yeye hawanilaumu mimi. Mwanangu akafunga begi lake akahamia Ilembo, kule Mpanda, na mimi mama yake nikamsindikiza mpaka barabarani nikimwambia asali sana. Nisamehe, Rosine. Hapana, usinijibu sasa. Ukilia nitashindwa kumaliza.

Sikilizeni basi. Mashine ihame bondeni kabla ya masika. Pacifique, kile kiwanja cha juu karibu na barabara nilichokuahidi ujenge nyumba, nakuomba unirudishie, mashine ikae pale. Wewe chukua nyumba hii ninayolala pamoja na shamba la migomba. Najua umeshafyatua matofali. Hayo yawe msingi wa mashine, uinuke mpaka kiunoni, na mpunga wa watu ulale juu ya vichanja, usilale sakafuni hata siku moja. Naona umeinamisha kichwa. Kama umekubali, nishike mguu... Asante, baba. Una moyo wa Callixte.

Umeme umefika barabarani, kwa hiyo injini ya dizeli muiuze, mfunge mota. Na lile lundo la pumba tunalolitia moto likafuka wiki mbili, watoto wakakohoa, lisichomwe tena. Arcade, yule mnunuzi wa mchele wa Mpanda alipotaka tumwandikie lita za dizeli tunazochoma na pumba tunazoteketeza, ili ajue moshi wetu ni kiasi gani, ulimcheka, ukasema moshi haupimwi kwa debe. Nami niliona hivyo. Ni Rosine aliyenieleza kwamba moshi wa mashine moja ni mdogo, lakini wa mashine na magari na viwanda vya dunia nzima unaifunika nchi kama blanketi, joto linabaki chini, na joto hilo ndilo linalovuruga mvua. Sisemi moshi wetu ndio ulioleta mafuriko. Wenye moshi mkubwa wako mbali na hapa. Ila tusilie kwamba chungu kinafurika huku mkono wetu nao unasukuma kuni. Mwandikieni kweli yule bwana, hata palipo na aibu, maana mficha uchi hazai. Daftari alishike Rosine, na kwa habari ya mvua, mto na moshi, neno lake ndilo la mwisho. Pacifique, wewe ubaki fundi. Hakuna anayeisikia mashine ile ikiugua kama wewe. Arcade, wewe una mdomo wa sokoni, uza.

Nipeni maji... Yanatosha.

Chakula cha matanga yangu kipikwe kwa ule mkaa wa pumba anaoutengeneza Rosine huko Ilembo. Waliomkwepa kisimani waje, wapewe viti, washibe, na asiwepo wa kuwasema. Ila kabla hawajala, Arcade usimame, useme kwa sauti: "Mama Gaudiose alionywa na binti yake, akakataa. Rosine hakuita maji." Usiongeze, usipunguze. Magunia kumi na moja ya Nyanzala yatoke kwenye mavuno yangu, na msimwambie ni sadaka, mwambieni ni yake.

Mkono huu wa nani? Wa Rosine. Una baridi, mwanangu, jifunike khanga yangu hiyo... Imana ibahezagire, Mungu awabariki nyie watatu, awape mvua ya kiasi... awape masikio niliyoyakosa mimi... na kila mmoja amwone mwenzake ni... ni ndugu... Nimechoka sasa. Msiondoke. Ongeeni tu, ongeeni wenyewe habari za hiyo mashine, itazame wapi, mlango uwe upande gani. Nataka nisinzie nikiwasikia.