Nani Alimpa Nguo? Kumuaga Mwinjilisti Yonatani Musoni

Nyinyi mliohamia Mbarara, aibu iwakute. Mtaa wenu wa Kamukuzi si ng'ambo ya bahari. Magari yanakuja huku kambini Nakivale kila siku. Lakini tangu mlipoondoka hatujaona hata kisigino chenu, mpaka msikie kuna sherehe na wali. Haya, kaeni. Kuleni, na masikio yafanye kazi pia.

Jumapili hii, tarehe 29 Juni 2025, Mwinjilisti Yonatani Musoni anastaafu baada ya miaka ishirini na miwili katika kanisa letu. Alifika hapa na fimbo ya ng'ombe bila ng'ombe, na Biblia isiyo na jalada. Tulidhani atakaa mwezi mmoja. Alikuwa mwembamba hivyo.

Mimi kusoma sijui, nafagia kanisa. Injili naijua kwa masikio, na haya nimeyaandikisha. Wahubiri wengi wanamtafuta yule aliyetajwa jina. Yonatani alimtafuta aliyefanya kazi asitajwe. Wale wanne walioteremsha mgonjwa wa kupooza kupitia paa: paa lile nani alilirudishia? Kwenye semina moja kule Kamukuzi, mchungaji mwenye tai alimwambia, "Ndugu, hilo haliko kwenye Biblia." Yonatani akajibu, "Lakini mvua iko, mchungaji." Juma lile lile tulipanda kwenye nyumba saba za wajane, tukabadili maturubai yaliyooza. Mimi nilishika ngazi na kutukana wavivu.

Sasa lile mnalonong'onezana huko mjini, lisikieni kwangu niliyekuwepo.

Ilikuwa mwaka wa tisa wa kazi yake. Saa sita mchana, kivuli kimejificha chini ya miguu, sauti ya mwanamke ilianza kuita kutoka makaburini, nyuma ya shamba la mtama. Jina. Kimya. Jina lingine. Wachunga ng'ombe wa Endiinzi, majirani zetu, waliacha kupitisha mifugo fasi ile. Na makaburi yetu hayana maandishi. Tunafunika kikombe cha marehemu juu ya udongo, basi. Aliyeita hakuwa na pa kusoma majina, lakini kila jina lilikuwa la mtu aliyelala pale.

Mzee Baudouin, kiongozi wetu wa maombi, alisimama kanisani na kamba mkononi. "Ile iko pepo. Tumufunge kwanza, kisha tumuombee."

Yonatani akafungua Marko sura ya tano, yule mtu wa makaburini. "Mzee, kamba ilishajaribiwa. Imeandikwa walimfunga mara nyingi, hata kwa minyororo, akaikata. Lakini baadaye walimkuta ameketi, amevaa nguo, ana akili zake. Pepo walitoka kwa neno. Nguo haitoki kwa neno. Nani alimpa nguo?"



Akavua koti lake, akatoka. Nilimfuata na kitenge changu, maana mwanamume peke yake hamvishi mwanamke. Tulimkuta Sidonie, mgeni wa mwezi ule ule, mtupu kati ya vikombe, midomo imepasuka. Watoto wake wawili walizikwa njiani na watu asiowajua. Aliita kila jina lililomjia, labda moja litaitika. Nilipokuwa namfunga kitenge aliniangalia, akasema jina la utotoni la mume wangu. Mume wangu naye amelala pale. Jina lile tulilijua mimi na mama yake tu, na mama yake alibaki Kivu, kwetu tulikokimbia, chini ya udongo. Nilikaza fundo la kitenge. Yonatani alisema tu, "Dada, twende ukule."

Sidonie ni jirani yangu hadi leo. Cherehani ya kwanza ya kanisa ilienda kwake, na sasa wanawake kumi na mmoja wanashona sare za shule pamoja naye. Yonatani naye alijiwekea sheria: kila Alhamisi, saa sita, anakaa makaburini, ili aliyepotea amkute mtu. Amerudi kutoka kule na watu sita. Wote hai, wote wamevaa.

Macho yake sasa yamechoka. Anahamia kwa binti yake Teta, Mbarara, awe karibu na hospitali ya macho ya Ruharo. Na tangu tulipotangaza hivyo, sauti imerudi. Alhamisi iliyopita niliisikia, na Sidonie alikuwa ameketi ubavuni kwangu, sindano mdomoni. Tuliangaliana. Safari hii iliita walio hai, nyumba kwa nyumba. Yonatani alikuwa kwa daktari. Hakuna aliyeenda kutazama kama kuna mtu, hata mimi, na naona haya. Mzee Baudouin ameshanunua kamba mpya. Amesema Alhamisi ijayo ataenda kumfunga anayeita.

Mdogo wangu Yonatani, asante. Ulitufundisha kwamba Injili ikiisha kusomwa, bado kuna kazi imebaki pale. Uishi Mbarara kwa raha, maziwa yasikauke kikombeni, macho yapone uone wajukuu, na Teta asikubanie chumvi.

Na nyinyi wa mjini, mara yenu ijayo ni Alhamisi hiyo hiyo, saa sita, si Krismasi. Msipite kwangu kunisalimu. Nendeni moja kwa moja makaburini, mwanamke mmoja awemo, na anayesikia jina lake aitike. Mimi nitakuwa nimetangulia, lakini magoti yangu mabovu. Nyinyi mna miguu. Mfike kabla ya kamba.