Usitikise Meza: Wasifu wa Tingatinga, Fundi wa Diski

Ndugu, jamaa na majirani, huyu tunayemzika leo alikuwa mtu wa kupiga na kupigwa. Wasifu huu umeandikwa na dada yake mkubwa, ndiye anayewasomea, na hana nia ya kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Yuko mtu hapa alinishika mkono pale getini akasema, "Dada, mengine yaache." Sitayaacha. Tumekuja kumzika mtu, hatukuja kuzika habari zake.

Tingatinga alizaliwa tarehe 3 Juni 1978, mtoto wa pili na wa mwisho wa baba mchomelea vyuma na mama fundi cherehani, katika vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba. Alitoka amekunja ngumi zote mbili, na mkunga akasema, "Huyu kaja na ugomvi wake." Jina la Tingatinga alilipata akiwa na miaka saba. Mlango wa bafu ulimbana dada yake kidole. Akaupiga teke, akaupiga ngumi, akaurudia kwa bega mpaka ukang'oka na fremu yake. Baba hakumchapa. Alimpa bisibisi na bawaba, akamwambia, "Umeubomoa peke yako, utausimamisha peke yako." Kutwa nzima alihangaika nao, na jioni tulimkuta anaufungua na kuufunga, anaufungua na kuufunga, huku anacheka mwenyewe. Mama alilazimika kumfukuza pale ili watu waoge.

Shule ya msingi aliimaliza mwaka 1992. Sekondari alifika kidato cha pili, akafukuzwa kwa kumvunja taya kiranja aliyekuwa akiwachapa wadogo kwa waya wa umeme. Mwalimu mkuu alimwambia mama, "Mtoto wako ana akili, ila zimekaa kwenye ngumi." Mama akamjibu kwamba kiranja naye alikuwa na taya zima muda wote huo, mbona hakulitumia kuomba radhi? Basi masomo yakaishia hapo.

Aliingia kwenye ndondi, na huko hawakumfukuza. Alivunjwa pua, akavunja za wenzake. Alipasuka nyusi mara nyingi, na aliyekuwa akimshona zahanati ni muuguzi mmoja mfupi, mkali, mwenye mikono isiyotikisika. Siku moja muuguzi yule alikata uzi akasema, "Nimechoka. Nikikushona tena, iwe nyumbani kwangu." Tingatinga alisimama na damu yake shavuni, akauliza nyumbani kwake ni wapi. Walifunga ndoa tarehe 17 Aprili 2004 na wakajaliwa binti mmoja.

Sasa tufike pale ambapo watu huinamisha vichwa. Tarehe 12 Agosti 2006 Tingatinga alipigana na kijana aliyeitwa Upepo, ambaye kocha wake alikuwa kaka yake wa kuzaliwa naye tumbo moja. Raundi ya sita Upepo alianguka, akainuliwa. Raundi ya saba Tingatinga alimpiga ngumi ya kulia juu ya sikio, na yule kijana hakuamka tena. Wasimamizi wa pambano wakaandika kwamba ni ajali ya mchezo. Mama yake Upepo akasema ni mauaji. Alilisema sokoni, akalisema redioni, akalisema mbele ya karakana ya baba, na kila aliposema, Tingatinga alikaa kimya. Dada yake alimfokea, "Jitetee basi, una mdomo!" Akajibu, "Nimpige na mama yake?" Glavu alikuwa amezichoma siku ileile ya pambano, na hakukanyaga ulingoni tena.

Kazi ya kompyuta alifundishwa na fundi wa mtaa wa pili, na mwanzoni alikuwa balaa. Alikata nyaya, alipasua vioo, mteja mmoja alimkimbiza na kiti. Kisha akakutana na diski, zile zinazotunza mafaili ndani ya kompyuta, na mkono wake ukapata adabu, mpaka akafungua duka lake mwenyewe. Diski ikianza kugonga ko-ko-ko, vichwa vidogo vinavyoisoma vimechoka au vimevunjika, na kila ukiiwasha vinazidi kuikwaruza. Watu hawasikii. Wanaiwasha tena, wanaipiga kofi, mmoja aliiweka kwenye friji. Tulimsikia Tingatinga akinguruma kwenye simu, "Izime! Imeshaumia hiyo, unaiinua ipigwe tena?" Yeye hakufungua faili hata moja kabla ya kunakili diski nzima. Alianza na sehemu nyepesi, zile ngumu akazirudia taratibu mwishoni. Kwa njia hiyo aliwarudishia watu harusi zao, marehemu wao na watoto wao wakiwa wachanga, na wengine walimshukuru kwa kulia juu ya kaunta mpaka akaweka kitambaa pale.

Mwaka 2019 mikono yake ilianza kutetemeka. Daktari alisema ni zile ngumi za ujana. Tangu hapo alipohitaji kubadilisha vichwa vya diski, yeye alikaa pembeni akielekeza na mke wake ndiye aliyeshika vifaa, wakizozana mwanzo hadi mwisho. "Taratibu, mama, hicho si kidonda." "Nyamaza, nilikushona wewe hukufa."

Februari mwaka huu mama yake Upepo aliingia dukani na diski kwenye mfuko wa plastiki. Hakusalimia. Alimzaba Tingatinga kofi, akamzaba la pili, na wateja wakatoka nje. Kisha akaweka mfuko mezani. "Mafundi watatu wamenifukuza, na wote wamekutaja wewe. Mwanangu yumo humu. Anaimba humu, ananitania humu, sauti yake yote imo humu, na sasa inagonga tu. Ulimchukua mara ya kwanza. Usimchukue mara ya pili."

Shavu likiwa jekundu, Tingatinga aliuliza, "Mama, umeiwasha mara ngapi?"

"Kila siku."

"Usiiwashe tena, mama yangu. Niachie."

Walitafuta diski ya aina ileile, mke akahamisha vichwa, na nakala ikaanza. Diski iliyoumia hunakiliwa kwa siku na siku, na wakati huo haitaki kuguswa. Mtikisiko mmoja tu, vichwa vikagusa sahani zinazozunguka mle ndani, kila kilichomo kinakuwa vumbi. Tingatinga akatandika godoro chini ya kaunta, akawa halali nyumbani.

Alhamisi tarehe 7 Machi, mchana, kaka yake Upepo, yule kocha, aliingia na nondo. Haya tumeyapata kwa fundi viatu wa mlango wa pili, aliyeona yote. Kocha alisema, "Lete hiyo diski." Tingatinga akamwambia ni ya mama, atampa mama. Pigo la kwanza lilivunja kaunta. La pili lilielekea mezani, na hapo ndugu yetu akajitupa juu ya meza, akaikumbatia, mgongo juu, mashine chini ya kifua chake. Kocha akampiga mgongoni, mbavuni, begani. Mtu aliyekuwa akiangusha wanaume kwa ngumi moja hakunyanyua hata kiwiko. Alikuwa akipiga kelele, "Nipige! Nipige mimi, usitikise meza!" Nondo ikampata kichwani. Fundi viatu aliingia na nyundo yake, akapasuliwa mkono, watu wakajaa, na kocha akatorokea mlango wa nyuma. Tingatinga aliinua uso wenye damu, akatazama kioo cha kompyuta, akasema, "Bado inasoma."

Mke wake alifika, akamtazama macho yake mara moja tu, akaita gari. Binti yao alibaki kuilinda meza, na nakala ilikamilika baba yake akiwa chumba cha upasuaji. Damu ilikuwa imevujia ndani ya ubongo. Tingatinga alifariki Jumapili tarehe 10 Machi 2024, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano. Mjinga! Ndiyo, nimesema, ni mdogo wangu na nina haki ya kumwita hivyo. Diski ingekufa, mama yule angelia tena, na wewe ungekuwa hai.

Binti alimpelekea mama yake Upepo nakala yake, maana baba aliagiza hivyo kabla hajapoteza fahamu. Mama aliangalia yote, na mwisho akafika kwenye pambano, lililorekodiwa kwa video na jirani yao, ambalo hakuwahi kuthubutu kulitazama. Akamwona mwanawe ameanguka raundi ya sita, macho meupe. Akamwona Tingatinga ameshusha mikono, anamfokea mwamuzi, "Simamisha! Huyu hayuko sawa, simamisha!" Akamwona kocha, mwanawe mkubwa, anamwinua mdogo wake kwa makwapa, anampiga makofi, anamsukuma katikati ya ulingo: "Ingia! Usinitie aibu!" Halafu kengele ikalia na Tingatinga akapiga. Hilo nalo limo, na hatulifichi. Lakini ile kelele yake kwa mwamuzi hakuwahi kumwambia mtu, hata mke wake, hata mimi.

Kocha wakati huo alikuwa amejificha kwa mama yake, amelala chumba cha pili. Mama alifunga mlango kwa nje, akaenda kituo cha polisi kwa miguu, akawaambia, "Aliyemuua fundi yuko kwangu. Ni mwanangu."

Kisha alikuja msibani. Dada mtu alikuwa mlangoni, maneno yake yote tayari mdomoni, na mengine hayafai kuchapwa. Mama akasema, "Nimekuja mikono mitupu, mwanangu. Niliyebaki naye nimewapa polisi." Dada mtu akampisha mlangoni.

Tingatinga ameacha mke, binti mmoja na dada mmoja. Na kwa ombi la mke wake, ambalo dada alilikataa, akalikataa tena, kisha akaliandika mwenyewe, tunamtaja pia kati ya walioachwa mama yake Upepo, aliyeketi mstari wa mbele. Hana mtoto wa kumshika mkono kwenda kaburini, kwa hiyo atashikana na mimi. Mwenyezi Mungu ampokee mdogo wetu na ampe utulivu.