Mselem, Aliyesoma Wafungaji kwenye Vyuma vya Viatu

Tarehe 30 Septemba 2018, Bwana Mselem Khamis anazima mashine yake ya kunolea baada ya miaka ishirini na minne katika kiwanja chetu cha barafu hapa Jeddah. Alianza akiwa mfagiaji. Mwezi wa pili alikuwa tayari ananoa viatu vya kuteleza, kwa sababu aliyekuwa akivinoa alivirudisha vikiwa butu kuliko alivyovipokea.

Wengi mnamjua kwa utani wake, na kwa kofia ya sufu aliyoivaa hata nje, kwenye joto la Julai. Riyadh walimjua kwa jambo jingine. Klabu moja ya hoki ya huko ilipotaka kijana wa kufunga magoli, ilimpigia simu Mselem kabla ya kocha wetu. Yeye hakuyaamini magoli ya hapa, maana kiwanja ni kidogo na kisahani, ndio mpira wa hoki ya barafu, huingia golini hata kwa kupotea njia. Aligeuza kiatu, akapitisha ukucha kwenye chuma. Mfungaji, alisema, huondoka kwa kishindo, kwa hiyo chuma chake huisha mbele, upande wa ndani. Kilicholika sawasawa kote ni cha mlinda lango au cha mtalii. Vijana kumi na mmoja aliowataja walichukuliwa, na tisa walifunga kweli. Tulimwita Daktari, naye akadai chai ya udaktari.

Machi 2016 klabu ilitaka kijana mmoja tu. Tulikuwa na Amir wa mtaa wa Ghulail, miaka kumi na minne, mtoto wa Kizanzibari kama Mselem mwenyewe, aliyeiota Riyadh usiku na mchana. Mselem alimpenda, na kwa sababu hiyo akajikaza asimpendelee. Akapitisha ukucha. Chuma kilikuwa kimelika sawasawa. "Halas," akasema, "kijana mzuri huyu, lakini hafungi. Magoli yake ni bahati." Likaenda jina la mwingine.

Juni, binamu wa Amir, anayelinda lango siku za Alhamisi, alileta viatu vilevile vinolewe. Amir hayupo, alieleza. Ikama ya baba yake, kile kibali cha ukaazi, imekwisha, familia imerudi Unguja. Na viatu? Vilikuwa vyao wote wawili tangu mwanzo. Mselem alizima mashine, akakaa kitako. Alipiga simu Riyadh siku ileile, lakini nafasi ilishajazwa, na Unguja hakuna barafu ila ya kutilia kwenye juisi. Tangu hapo huuliza kwanza kiatu ni cha nani. Hajamlaumu mtu. Husema tu kwamba alikosea, na tunaona jinsi kulisema kunavyomuuma.

Mzee Mselem, mimi Bonface ninayepokea viatu dirishani nilikuwa najua. Vilipita mikononi mwangu mara mbili kila wiki, kwa majina mawili. Nilikuwa na miezi miwili tu tangu nitoke Kakamega, nikaona si adabu mgeni kumsahihisha fundi. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alinyamaza, na ninajuta.

Asante kwa kunifundisha kazi, na kwa kunivumilia nilipounguza mota yako. Nenda ukapumzike na mkeo, Bi Mwanakhamis. Sote tunakuombea afya na siku za utulivu. Ila kosa la Amir usiende nalo lote. Nusu yake ni yangu, niachie.