Udongo Alioutafuta Isdori Mwanalinze

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuchanganya udongo katika Bustani ya Miche ya Malangali, hapa Sumbawanga, Bwana Isdori Mwanalinze anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Mimi Kulsumu, wa dirisha la mauzo, ndiye niliyepewa kazi ya kuandika wasifu wake kwa ajili ya ratiba ya sherehe. Meneja wetu, Bi. Asnath, aliniagiza niandike maneno ya kuchangamsha, watu wasije wakalia mbele ya wageni. Nimejitahidi. Mwenye leso aiweke karibu tu.

Bwana Isdori alizaliwa kijiji kimoja jirani na Laela, kwa wakulima wa mahindi na ulezi. Alianza hapa kama kibarua wa kumwagilia, akapelekwa kusomea kilimo cha bustani, akarudi na cheti na kofia ile ile aliyoondoka nayo. Tangu hapo kila mche uliotoka getini umekulia kwenye udongo wake. Parachichi, michungwa, misindano, vyote. Ukipita Katandala ukaona waridi mbele ya duka, basi ujue limepitia mikononi mwake kabla ya kufika hapo.

Kipimo chake kila mtu anakijua. Anachota udongo, anaulowesha, anauviringisha kiganjani uwe mrefu kama mnyoo. Ukipindika bila kukatika, una mfinyanzi mwingi; ukimeguka, ni kichanga. Sasa tabia hiyo haikuishia kazini. Siku moja wakati wa chakula cha mchana aliviringisha tonge la ugali, akalipinda, akatangaza mbele ya mpishi kwamba hapa maji hayatapita. Mpishi alimnunia wiki nzima. Safari nyingine basi lilipata pancha njia ya Tunduma, yeye akateremka kwenda kuchungulia shimo la kifusi, basi likamwacha. Aliingia Sumbawanga jioni juu ya lori la mahindi, amekumbatia mfuko wa udongo, anacheka peke yake. Jamani, mtu wa namna hiyo utamfanya nini?

Mkewe, marehemu Jenifa, ndiye aliyekuwa akitusaidia kumcheka. Alikuwa akituletea togwa siku za Ijumaa na kutuuliza kama mumewe bado tunamhitaji, maana nyumbani anamjazia matope. Kisha Jenifa akaugua. Alikuwa akipelekwa Mbeya kwa matibabu, na kwenye nyumba ya wageni walikofikia aliona maua mekundu, petali nyembamba zinazopitisha mwanga. Yalikuwa popi. Alimwambia mumewe, na maneno haya tuliyasikia kwake mwenyewe: "Baba Bertilla, mji mzima una maua yako. Mimi mlangoni kwangu nina nini? Magugu." Bwana Isdori akaomba vichwa vikavu vya mbegu, akamwahidi kwamba ataziona popi zikichanua nyumbani kwake.

Hapo ndipo fundi wetu alipokosea, na alikosea kwa sababu ni Mfipa na ni mume. Mfipa ukimwambia achague udongo mzuri, atakuonyesha ntumba, yale matuta ya duara ambayo nyasi hufukiwa chini zioze mpaka ardhi iwe nyeusi na laini. Kwa mke anayeumwa, nani angechagua udongo mwingine? Alibeba udongo wa ntumba, akaujaza mlangoni kwa Jenifa, akapanda. Majani yalikuja manene, ya kijani kibichi, jirani akauliza kama ni mboga. Ua halikuonekana hata moja. Mashina yakaoza kwa unyevu.

Mwaka uliofuata akaongeza samadi ya kuku. Mambo yakawa mabaya zaidi. Katikati ya yote hayo watu wakavumisha kwamba Mwanalinze analima afyuni, wakaja askari wawili. Aliwaeleza kwamba hizi ni popi za bustani, za kuangalia tu, si zile za kutengenezea afyuni, akawaeleza na habari za mfinyanzi mpaka wakachoka, wakaondoka kila mmoja na mche wa waridi. Jenifa alicheka hadi akakohoa. Ilikuwa mara ya mwisho mimi kumsikia akicheka.

Alifariki mwaka jana mwezi Machi, mvua bado zinanyesha. Tulimzika kwao Laela. Bwana Isdori hakulia mbele yetu, alisimama tu akiutazama udongo uliokuwa ukitolewa kaburini. Alirudi kazini baada ya msiba, akafanya kazi yake, ila ile ya kuviringisha ugali akaiacha. Hakuna aliyethubutu kumuuliza habari za popi.

Mwaka huu, katika kupanga zawadi ya kumuaga, tulikubaliana, tukanunua saruji na marumaru ajengee kaburi la mkewe. Ni jambo la heshima, na ndugu wa Jenifa walikuwa wameanza kunung'unika kwamba mkwe amemwacha binti yao kwenye udongo mtupu. Tulipomweleza alitikisa kichwa. Akatuomba, kwa adabu kabisa, tuirudishe saruji dukani. Bi. Asnath alikasirika kidogo, na mimi sikumwelewa. Ndipo Bwana Isdori akatusimulia.

Siku ya kuanua matanga alikuwa na mbegu zilizobaki kwenye mfuko wa koti. Kwa hasira, anasema, si kwa kupanda, alizimwaga zote juu ya kaburi akaondoka. Hakufukia wala hakumwagilia. Mwezi Julai, baridi ya Ufipa imekaza, alikwenda kuwekea kaburi msalaba mpya akakuta limejaa popi nyekundu kutoka kichwani hadi miguuni. Ule udongo uliotoka chini kabisa, wa changarawe, usio na rutuba ya kuotesha hata mchicha, ndio uliokuwa unatakiwa. Popi hutaka ardhi maskini inayopitisha maji, na mbegu iachwe juu ipate mwanga. Yeye alikuwa anazishibisha hadi zinakufa. Aliposema hivyo alifunika uso na kofia yake, na sisi sote pale ofisini tukalia, Bi. Asnath akiwa wa kwanza.

Anasema hajisamehe. Sisi tunamwambia, Mzee, ulimpa kilicho bora kwa jinsi ulivyojua, na Jenifa alijua hivyo. Saruji tumeirudisha, na ndugu wa Laela tumewapigia simu kuwaeleza.

Bwana Isdori, asante kwa kila mche, kwa uvumilivu wako na kwa kutufundisha kuchafuka mikono bila kuona haya. Tunakuombea uzee mtulivu, mgongo usiuume, wajukuu wakuzunguke, na moyo wako upate nafuu kidogo kidogo.

Aya hii nimeiongeza jana, na ratiba imebidi ichapwe upya. Wageni waalikwa, msimtafute mwenye sherehe ukumbini. Juzi shemeji yake alipiga simu kutoka Laela kusema kwamba popi zilizojiotea tena kaburini zimeanza kuchanua mapema. Ua la popi halikai; linafunguka asubuhi, upepo wa kesho yake unalipukutisha. Bwana Isdori alivua koti la kazi palepale, akatuomba radhi, akapanda basi. Keki tutaikata bila yeye. Amekwenda kukaa na mkewe, waangalie maua.