Nilikuwa Kingi kwa Siku Saba

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata kwa mdomo huu wangu, uliomchongea rafiki.

Mnaonijua hapa Élisabethville mnajua kwamba nilicheza mbeni. Jumapili tulitembea kambini kwa ngoma na filimbi, kila mtu na cheo chake: kingi, gavana, daktari. Kingi wetu alikuwa Kalenga, mtu wa Pweto. Ndiye aliyeniombea kazi mgodini nilipofika na kaptula moja. Mimi nilikuwa gavana wake, na nilitamani mshipi wake mwekundu mpaka bukari, ugali wetu, ikanishinda kula!

Jumamosi moja nilikunywa kwake lutuku, ile pombe kali iliyokatazwa kambini, naye akanionyesha alipoufukia mtungi wake. Jumatatu asubuhi nikaenda kwa bwana wa kambi, nikamwambia mtungi umefukiwa wapi. Polisi wakaufukua. Kabla ya juma kwisha Kalenga alikuwa amefukuzwa kazi, na yeye, mke wake Monga na watoto wakapandishwa gari la kurudi kwao. Nami nikasimama pale nikiwasikitikia pamoja na wengine! Ndugu zangu, naona haya kulisema hili mbele ya mama zangu.

Jumapili nikavaa mshipi, nikawa kingi. Jumapili iliyofuata, katikati ya ngoma, polisi wa kambi akanipigia saluti mbele ya watu wote.

"Asante, Kingi! Pasipo weye hatungeona ile mutungi."

Ngoma ikanyamaza. Wachezaji wakaweka filimbi zao miguuni pangu, mmoja mmoja, wakaenda zao.

Nikajifungia nyumbani. Mke wangu akanivuta mpaka kanisani, na siku hiyo mwinjilisti alifundisha juu ya wafalme wa Israeli waliotawala muda mfupi. Zekaria, miezi sita. Shalumu, mwezi mmoja. Zimri, jemadari aliyemuua bwana wake aliyekuwa amelewa, siku saba! Nilidhani amepashwa habari zangu. Baada ya ibada nikamkabili kwa hasira: "Nani alikuambia mambo yangu?"

"Baba, miye nilifundisha juu ya Zimri tu," akasema. "Yako iko nini?"

Nikalia kama mtoto. Zimri alijichomea ndani ya jumba lake, asitubu. Mimi nilikuwa bado hai! Mwinjilisti akaomba pamoja nami, kisha akaniambia Mungu amesikia, lakini Kalenga bado.

Nikaenda Pweto juu ya lori la wachuuzi wa samaki. Nikamkuta Kalenga akipasua samaki wa kukausha. Nikapiga magoti, nikasema yote.

"Minajua," akasema. "Weye peke yako njo ulijua ile mutungi iko fasi gani."

"Juu ya nini hukuambia bantu?"

"Bangekuua."

Ndugu zangu! Mtu niliyemvua cheo, kazi na nyumba alifunga kinywa ili nisipigwe! Akanikaribisha bukari. Monga hakutoka nje kunisalimu, na simlaumu. Tangu siku hiyo kiu ya ukubwa imenitoka, Bwana ameing'oa. Haya imebaki, nami naibeba.

Zimri hakuiona siku ya nane. Mimi nimepewa miaka, asante Yesu! Nawe uliyekalia kiti cha mwenzako, mtumaini Bwana, umwendee mtu huyo angali hai.